Hesabu kwa anayeanza kabisa: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, na namna ya kujikagua mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza hesabu kabisa kabisa, awe mtoto, awe mtu mzima ambaye zamani aliachwa njiani akajiambia basi hesabu sio zake, au mzazi ambaye mtoto anamletea daftari na yeye hajui aanze kumwelezea wapi. Msimamo wangu nauweka mapema: wengi hawakwami kwa sababu wana akili nzito, wanakwama kwa sababu walikaririshwa hatua, "andika 5 beba 1", bila kuambiwa hiyo 1 ni nini na inaenda kufanya nini huko. Ukishaelewa makumi, hayo mengine yote yanafuata. Na kitu cha pili, usisubiri mtu akuwekee tiki, kila hesabu hapa chini ina njia ya kuikagua mwenyewe, na mtu anayejikagua anajifunza haraka kuliko anayesubiri kusahihishiwa.

Andaa vitu vichache tu, penseli, daftari la hesabu lile lenye viboksi (viboksi vinasaidia namba zisihame mstari), na vijiti vidogo kama hamsini hivi au vizibo au kokoto. Mtu mzima usione aibu kutumia vijiti, vinafanya kazi.

HATUA YA 1: Makumi

Chota vijiti kadhaa bila kuhesabu, mwaga mezani, afu anza kuvipanga. Kila ukifika kumi unafunga fungu na raba au uzi, unaweka pembeni. Mwisho tuseme umepata mafungu 3 na vijiti 4 vimebaki havijafungwa. Hiyo ndo 34. Sasa angalia namba yenyewe ilivyoandikwa: ile 3 iliyokaa kushoto sio tatu, ni mafungu matatu ya kumi, yaani thelathini, na ile 4 ya kulia ni vijiti vinne vya kawaida. Badilisha nafasi zao uandike 43 na ni idadi nyingine kabisa japo tarakimu ni zile zile. Hii ndo inaitwa thamani ya nafasi, na ni kitu kikubwa sana, usikipite haraka.

Kutoka kulia kwenda kushoto nafasi ni mamoja, makumi, mamia, maelfu, na kila nafasi ni mara kumi ya ile iliyo kulia kwake. Kumi kumi zikiwa kumi zinafungwa pamoja zinakuwa mia moja, mia kumi zinakuwa elfu moja.

Sifuri hapo kazi yake ni kulinda nafasi. Namba 304 inasema mia 3, makumi hakuna, mamoja 4. Ukiitoa hiyo sifuri kwa sababu "si haina kitu", unabaki na 34, umepoteza mia mbili na sabini hivi hivi. Watu walichukua muda mrefu sana kuikubali sifuri kama namba kamili ya kufanyia hesabu. Mwanahisabati wa India aitwaye Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri mwaka 628, kwahiyo kama mwanzoni inakusumbua, ni kitu kilichosumbua vichwa vikubwa.

Jipime: soma kwa sauti 57, 507, 570, 5,070. Ukizisoma zote bila kusita na ukaweza kusema kila 5 hapo ina thamani gani, endelea. Kama bado rudi kwenye vijiti, siku moja zaidi hapo sio hasara.

HATUA YA 2: Marafiki wa kumi

Kabla ya kujumlisha namba kubwa jua hizi jozi tano mpaka zitoke bila kufikiri: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Zote zinafanya kumi. Mtu anakuambia 7 wewe unajibu 3, anakuambia 2 unajibu 8, chap chap.

Faida yake ni hii. Chukua 8 + 7. Anayeanza anahesabu vidole kutoka moja mpaka kumi na tano na katikati anapotea. Wewe unasema hivi, 8 anahitaji 2 ili afike kumi, hizo 2 nazichukua kwa 7, kwa 7 zinabaki 5, kwahiyo kumi na tano. Jaribu 9 + 6: tisa anataka 1, kwa sita inabaki 5, jibu 15. Jaribu 6 + 8. Baada ya wiki moja ya kufanya hivi kila siku vidole vinaacha kutumika vyenyewe bila kukatazwa, na mimi sikubaliani na kumpiga marufuku mtoto asitumie vidole, mpe njia ya haraka zaidi ataviacha mwenyewe.

Kingine cha kupunguza mzigo, 3 + 8 na 8 + 3 jibu ni lile lile, kwahiyo siku zote anza na kubwa. Kuanza 8 ukaongeza 3 ni rahisi kuliko kuanza 3 ukaongeza 8.

HATUA YA 3: Kujumlisha kwa kupanga

Tufanye 47 + 38. Panga mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, anza kulia.

7 + 8 = 15. Hizi 15 ni mamoja kumi na tano, lakini nafasi ya mamoja haiwezi kukaa kitu zaidi ya 9, kwahiyo vijiti kumi vinafungwa fungu moja na fungu linahamia kwa wenzake kwenye makumi, vinabaki 5. Ndo maana tunaandika 5 na tunapeleka 1. Hiyo 1 ni fungu la kumi. Sasa makumi: 4 + 3 ni 7, na lile fungu lililohamia ni 8. Jibu 85.

Kosa la kawaida hapa ni mtu kuandika 15 yote chini afu 7 mbele yake, anapata 715. Simama uangalie: 47 haifiki hata hamsini, 38 haifiki arobaini, jumla yake haiwezi kuzidi tisini, mia saba imetoka wapi? Hii tabia ya kukadiria kabla ya kuanza ni ya kuijenga mapema. Kabla hujagusa penseli sema kwa mdomo "jibu litakuwa karibu na tisini", afu ndo fanya.

Kwa kichwa unaweza kwenda njia nyingine, 38 ni 40 kasoro 2, kwahiyo 47 + 40 ni 87, toa 2 inakuwa 85. Zote njia halali.

HATUA YA 4: Kutoa, na hapa tukae kidogo

Kutoa ndo kunawaangusha wengi, hasa kukiwa na sifuri katikati. Tuchukue 503 − 278, hii ukiielewa vizuri zingine zote zitakuwa nyepesi.

Mamoja: 3 toa 8, haitoshi. Kosa namba moja duniani ni mtu kugeuza akasema 8 toa 3 ni 5, afu 7 toa 0 ni 7, afu 5 toa 2 ni 3, anaandika 375 na ameridhika. Njia ya kukagua kutoa ni kujumlisha: jibu lako ukijumlisha na kile ulichotoa lazima urudi ulipoanzia. 375 + 278 = 653. Hatujarudi 503, kwahiyo jibu limekataa lenyewe, hakuna haja ya mwalimu kusema chochote.

Sasa kwa usahihi. Mamoja 3 hayatoshi, tunakopa kwa jirani, makumi. Lakini makumi yuko sifuri, hana cha kukopesha. Basi tunaenda kwa mamia, pale kuna mia 5, tunafungua moja, zinabaki mia 4, na ile mia moja iliyofunguliwa inakuwa makumi kumi yanakaa kwenye nafasi ya makumi. Sasa makumi anazo 10, anaweza kukopesha, anafungua fungu moja linaenda kuwa mamoja kumi, yeye anabaki na 9. Mamoja yalikuwa 3, sasa ni 13.

Yaani ile 503 hatujaibadilisha thamani hata kidogo, tumeiandika upya kama mia 4, makumi 9 na mamoja 13. Hesabu ujionee, 400 na 90 na 13 ni 503. Sasa toa kawaida: 13 − 8 = 5, 9 − 7 = 2, 4 − 2 = 2. Jibu 225. Kagua: 225 + 278 = 503. Imekubali.

Wengi wanaambiwa tu "ile sifuri iwe 9" bila sababu, wanakariri, afu siku sifuri zikiwa mbili kama 5003 wanavurugikiwa. Sababu ndo hiyo, ilipokea kumi ikakopesha moja.

Kuna njia nyingine ya kichwa ambayo naipenda zaidi kwa hesabu za haraka, unapanda kutoka kwenye ndogo mpaka kwenye kubwa. Kutoka 278 mpaka 280 ni hatua 2, mpaka 300 ni 20, mpaka 500 ni 200, mpaka 503 ni 3. Jumlisha hatua zote, 225. Haina kukopa hata kidogo. Au ongeza kiasi kile kile pande zote mbili, 278 ukiiongezea 22 inakuwa 300, basi na 503 iongezee 22 iwe 525, sasa 525 − 300 nani anashindwa? Tofauti kati ya namba mbili haibadiliki kama zote zimesogea kiasi kimoja.

Alama ya =, kabla hatujaenda mbele

Hii watu wanaidharau sana. Alama ya sawasawa haimaanishi "sasa toa jibu", inamaanisha upande wa kushoto na upande wa kulia ni kitu kimoja. Aliyeanza kuitumia kwenye kitabu ni Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, akachagua mistari miwili iliyo sambamba kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hapo.

Mpe mtu swali hili: 7 + 5 = ☐ + 4. Wengi wanaandika 12, kwa sababu wameona alama ya sawasawa wakakimbilia kujibu. Jibu ni 8, maana 8 + 4 ndo inalingana na 7 + 5. Na usiandike mlolongo kama 5 + 3 = 8 × 2 = 16, hapo umeandika kwamba 5 + 3 ni 16, wakati ulichotaka kusema ni hesabu mbili. Ziandike kwenye mistari miwili.

HATUA YA 5: Kuzidisha

Kuzidisha ni kujumlisha kitu kile kile kwa kurudia. 4 × 6 ni mafungu manne yenye sita sita. Chora nukta mistari 4, kila mstari nukta 6, hesabu zote, 24. Sasa geuza daftari upande, unaona mistari 6 ya nukta 4, na nukta hazijaongezeka wala kupungua. Ndo maana 4 × 6 na 6 × 4 ni sawa.

Hii inakupunguzia tebo kwa kiasi cha kushangaza. Jedwali la 1 mpaka 10 lina viboksi 100, mtu akiliona anakata tamaa. Lakini ya 1 haina kazi, ya 10 unaongeza sifuri kwa kulia, ya 2 ni kujumlisha namba na yenyewe, ya 5 inaishia 0 au 5 na ni nusu ya ya 10. Ya 9 ni ya 10 kasoro moja, 9 × 7 ni 70 toa 7, inakuwa 63 (na tarakimu za jibu, 6 na 3, zinajumlisha 9, hii inatokea kwa ya 9 yote mpaka 9 × 10). Ukitoa hizo zote na ukatoa zinazojirudia kwa kugeuzwa, za kukariri kwa nguvu zinabaki 15 tu:

3×3=9, 3×4=12, 3×6=18, 3×7=21, 3×8=24
4×4=16, 4×6=24, 4×7=28, 4×8=32
6×6=36, 6×7=42, 6×8=48
7×7=49, 7×8=56, 8×8=64

Kariri mbili tatu kwa siku, ndani ya wiki umemaliza. Ile 7 × 8 inayosumbua kila mtu, isome 5, 6, 7, 8, yaani 56 = 7 × 8.

Namba kubwa sasa, 23 × 14. Ivunje 14 iwe 10 na 4. 23 × 4 = 92, 23 × 10 = 230, jumlisha 322. Ukiifanya kwa kupanga, mstari wa pili unaanza na sifuri kwa sababu ile 1 ya kwenye 14 ni kumi. Anayesahau anapata 92 + 23 = 115, na makadirio yanamkamata papo hapo, kwa sababu 20 × 14 peke yake ni 280.

Ujanja wa zamani wa kukagua: jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. 23 inatoa 5, 14 inatoa 5, 5 × 5 ni 25 ambayo inatoa 7. Jibu letu 322, 3 + 2 + 2 ni 7. Zimefanana. Zisipofanana jibu sio sahihi, hilo ni hakika, ila zikifanana haina maana umepatia asilimia mia, maana ukiandika 232 kwa bahati mbaya nayo inatoa 7. Tumia pamoja na makadirio.

HATUA YA 6: Kugawanya

Kugawanya ni kuzidisha kwa kurudi nyuma. 24 ÷ 6 inauliza, 6 mara ngapi inafika 24? Anayejua tebo tayari ana jibu, ndo maana asiyejua tebo anateseka hapa kuliko kote, rudi hatua ya 5 kwanza.

Isipogawanyika kamili kuna baki. 17 ÷ 5, tano tatu ni 15, baki 2. Baki lazima iwe ndogo kuliko kigawanyo, ukiona unagawa kwa 5 afu umebakiwa na 6 jua bado fungu moja linatoka humo.

Ndefu tufanye yenye mtego, 618 ÷ 6. Kugawanya kunaanza kushoto, tofauti na zote zilizopita. 6 kwenye 6 inaingia mara 1, andika 1 juu. Shusha 1. 6 kwenye 1 haiingii, kwahiyo andika 0 juu, na hapo ndo watu wanaruka. Shusha 8, sasa ni 18, 6 inaingia mara 3. Jibu 103. Aliyeruka ile sifuri ana 13, na ukikagua 13 × 6 ni 78 tu, wakati 103 × 6 ni 618 kamili. Kama kulikuwa na baki, zidisha afu ongeza baki.

Kugawa kwa sifuri hakuna. 12 ÷ 0 inauliza sifuri mara ngapi itafika 12, na haifiki hata ukirudia maisha yako yote. Ila 0 ÷ 12 ipo, jibu ni 0.

HATUA YA 7: Zikichanganyika

Wengi tulifundishwa MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni nzuri lakini ina shimo ambalo haielezi. Kugawanya na kuzidisha wana cheo kimoja, kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, wakikutana wenye cheo kimoja unaenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 10 − 3 + 2 ni 7 + 2, jibu 9. Anayeshika MAGAZIJUTO neno kwa neno anajumlisha 3 + 2 kwanza, anatoa 5, anapata 5, amekosa. Vile vile 24 ÷ 4 × 2 ni 6 × 2, ni 12, na kama ni 24 × 2 ÷ 4 unazidisha kwanza kwa sababu ndo imetangulia kushoto.

Desimali ukizikuta ni nafasi zile zile zimeendelea upande wa kulia, baada ya nukta kuna sehemu ya kumi, afu sehemu ya mia. Panga nukta chini ya nukta, 3.5 + 1.25 iandike 3.50 + 1.25, jibu 4.75. Na 0.5 ni kubwa kuliko 0.35 japo 35 inaonekana kubwa, kwa sababu 0.5 ni 0.50.

Zoezi

Dakika kumi na tano kila siku zinatosha, ni bora kuliko kukaa masaa matatu mara moja kwa wiki. Kalkuleta sio adui, ila kadiria kwanza, fanya kwa mkono, afu ndo uibonyeze. Anza na hizi, funika majibu, na kila moja ikague kwa njia yake kabla hujaangalia chini:

a) 68 + 57
b) 402 − 156
c) 36 × 25
d) 832 ÷ 8
e) 15 − 6 + 4
f) 20 − 8 ÷ 2 × 3

Majibu: a) 125, b) 246, c) 900, d) 104, e) 13, f) 8. Ukipata 14 kwenye d uliruka sifuri, ukipata 5 kwenye e ulijumlisha kabla ya kutoa, na ukipata 18 kwenye f ulianza na 20 − 8 kabla hujagawanya.